Mbio za skeiti: namna ya kuanza ukiwa Nakuru

Kila mzazi anayenijia, na kila kijana aliyeona mbio za barafu kwenye simu, huuliza jambo moja: mtu wa Nakuru atafikaje huko na sisi hatuna barafu? Anaanza na lami. Mimi nauza beringi na vipuri vya pikipiki hapa mjini, na Jumapili asubuhi nafundisha vijana mbio za skeiti, yaani viatu vya magurudumu. Niliwahi kushindana mwenyewe. Haya ninayoyaandika ndiyo ninayowaambia wanaokuja kwangu wakitaka kuufanya mchezo huu kuwa kazi ya maisha yao.

Jambo la kwanza ujue kwamba magurudumu na barafu ni ndugu wa tumbo moja. Erin Jackson, Mmarekani aliyeshinda dhahabu ya mita 500 za barafu kwenye Olimpiki za Beijing mwaka 2022 kwa sekunde 37.04, alikulia Ocala, Florida, mji wa joto na mashamba ya farasi. Alitamba kwenye magurudumu kwanza, na alipofuzu kwenda Olimpiki za PyeongChang 2018 alikuwa amefanya mazoezi ya mbio za barafu kwa takriban miezi minne tu. Ndiye mwanamke mweusi wa kwanza kushinda dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki za majira ya baridi. Ocala hiyohiyo ndiyo iliyomlea Brittany Bowe na Joey Mantia. Kabla yao, Shani Davis wa Chicago, aliyechukua dhahabu ya mita 1,000 mwaka 2006 na tena 2010, alianza na skeiti za magurudumu akiwa mtoto mdogo kabisa.

Yupo pia Bart Swings wa Ubelgiji. Ana dhahabu ya barafu ya Beijing 2022, na Septemba ya mwaka huohuo alimaliza marathon ya skeiti ya Berlin, kilomita 42.195, chini ya dakika 57. Kesho yake, katika jiji hilohilo, Eliud Kipchoge wetu akakimbia 2:01:09, rekodi ya dunia wakati huo. Huwa nawaambia vijana wangu wazitazame video za mbio hizo mbili kwa pamoja. Mapafu yanayotakiwa kule tunayo huku. Kinachobaki ni ufundi wa miguu, na ushahidi wa muda wako.

Huo ushahidi wa muda ndio mzizi wa mambo yote ninayofundisha. Mwanaskeiti kutoka mahali ambapo mchezo haujulikani hasomwi kwa sifa. Anasomwa kwa muda alioupata, kwa umbali uliopimwa, tarehe fulani, mahali fulani. Kwa hiyo siku unayonunua viatu, nunua na daftari.

Viatu

Kabla ya viatu, helmeti. Hapo sina mjadala na mtu.

Usianze na skeiti za mbio zenyewe. Zina buti fupi inayoishia chini ya kifundo cha mguu, hazina breki, na fremu yake, chuma kinachoshika magurudumu, ni ndefu. Mtu ambaye vifundo vyake havijakomaa atasimama miguu ikiwa imelalia ndani, na kosa hilo litamfuata kwa miaka. Anza na skeiti ya kawaida ya mstari mmoja, magurudumu manne ya milimita 80 au 84. Utakapoweza kuteleza kwa mguu mmoja kutoka mwisho mmoja wa uwanja hadi mwingine, kulia na kushoto sawasawa, hapo uko tayari kwa buti fupi na magurudumu ya milimita 100 au 110.

Wengi wetu tunanunua mitumba, iwe ni Kibuye kule Kisumu au kwa wanaoleta mizigo kutoka Gikomba. Si vibaya, ila kagua. Bonyeza gurudumu kwa ukucha wa kidole gumba. Likimeguka hapo sokoni, barabarani litapasuka, hata kama linaonekana jipya, kwa sababu mpira wake huzeeka likiwa limekaa tu. Ikunje kidogo plastiki ya buti usikie kama inalia. Geuza kiatu, utazame fremu kwa nyuma kwa jicho moja: magurudumu yote yawe kwenye mstari mmoja. Na ukinunua buti ya mbio peke yake bila fremu, pima umbali kati ya matundu mawili ya bolti kwenye soli. Buti nyingi za mbio zina milimita 195, na skeiti nyingine nyingi zina 165. Fremu ya moja haikai kwenye nyingine, na muuzaji hatakwambia.

Saizi iwe ya leo. Najua tulivyozoea kununulia watoto viatu vya shule vikubwa ili wakue navyo, lakini mguu unaocheza ndani ya skeiti hauwezi kuiongoza. Ukisimama wima vidole viguse mbele kidogo tu, ukikunja magoti viachie. Vaa soksi moja nyembamba.

Sasa beringi, ambazo ndizo mkate wangu. Kila gurudumu lina mbili, na spesa, kijibomba cha kuzitenganisha, katikati. Saizi ni 608: kipenyo cha nje milimita 22, tundu milimita 8, unene milimita 7. Ni saizi ya kawaida kabisa inayotumika hata kwenye mashine ndogondogo, kwa hiyo asikuuzie mtu kwa bei ya ajabu eti ni maalumu. Adui wake hapa Nakuru ni vumbi, hasa Januari na Februari. Ukisikia gurudumu linakwaruza, fungua. Ng'oa kifuniko cha beringi kwa pini, taratibu, bila kukipinda. Tia beringi kwenye chupa ya mdomo mpana yenye petroli kidogo, ukiwa nje, mbali na jiko na kiberiti. Funika, tikisa mpaka petroli iwe nyeusi, badilisha, tikisa tena mpaka itoke safi. Anika juu ya kitambaa hadi zikauke kabisa. Halafu tone moja au mawili ya mafuta ya cherehani, urudishe kifuniko, uizungushe kwa kidole karibu na sikio. Sauti inayotakiwa ni moja, nyembamba, isiyokatika. Msimu wa mvua weka grisi laini kidogo badala ya mafuta. Itapunguza mwendo, lakini itazuia maji.

Magurudumu huliwa upande wa ndani kwanza. Kila baada ya majuma machache yahamishe kutoka mguu wa kulia kwenda wa kushoto ili upande ulioliwa uwe wa nje. Ugumu wake umeandikwa ubavuni, kama 83A au 86A: namba ikiwa ndogo gurudumu ni laini na linashika lami chakavu vizuri zaidi, ikiwa kubwa ni gumu na linakwenda kwa kasi kwenye sakafu laini. Kwa lami zetu mimi huchagua laini.

Mahali, na saa

Tafuta maegesho ya magari yenye lami laini na yasiyo na mteremko, uyatumie alfajiri ya Jumapili kabla watu hawajaanza kwenda kanisani. Usiingie kimyakimya. Andika barua kwa wenye mahali, taja saa za kuanza na kumaliza, taja kwamba wote wanavaa helmeti, upeleke mwenyewe na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Nakala hiyo mwonyeshe mlinzi kila anapobadilishwa zamu. Vikundi vya skeiti vinafukuzwa mara nyingi kwa sababu hakuna aliyejitambulisha.

Fagia. Mchanga kidogo kwenye kona unatosha kumvunja mtu mkono. Katika barabara za ndani za Milimani, maua ya mjakaranda yakianguka hugeuka utelezi chini ya gurudumu, na sisi huacha kabisa kona hizo mpaka yakauke yafagiliwe. Kisumu shida ni jua, maliza kabla halijapanda. Kakamega mvua ya alasiri haina adabu, kwa hiyo asubuhi ndiyo yako.

Barabara kuu ya Nairobi kwenda Eldoret si uwanja wa mazoezi, na kushika lori au boda boda likuvute ni kukitafuta kifo. Kwangu anayefanya hivyo harudi uwanjani, hata awe ndiye mwenye kasi kuliko wote.

Ukishapata mahali, pima. Azima utepe wa mita 50 kwa fundi wa ujenzi. Mzunguko wa mita 200 unapatikana kwa kuchora mistari miwili iliyonyooka ya mita 50 na nusu duara mbili zenye nusu kipenyo cha mita 15.9. Utahitaji eneo la karibu mita 90 kwa 40 ili kubaki na nafasi ya kutokea nje mtu akiteleza vibaya. Weka alama ya rangi ndogo pale mistari inapoanza na kuishia, ili kila Jumapili msipime upya. Mahali padogo? Chora wa mita 100 kwa kugawa vipimo vyote hivyo nusu. Ninachokataa ni kukisia, kwa sababu muda wa umbali wa kukisia hauna kazi.

Mkao

Hapa ndipo ninapotumia nusu ya miaka ya mwanafunzi, na sijutii hata siku moja.

Kwenye mwendo wa mbio, kinachokuzuia zaidi ni hewa. Ndiyo maana wanaskeiti huinama. Kifua kinalala karibu sawa na ardhi, mgongo unajikunja kidogo juu, magoti yanakunjwa mpaka pembe nyuma ya goti iwe karibu na ya mraba. Ukitazamwa kutoka mbele, pua, goti na kidole kikubwa cha mguu uliobeba uzito viwe kwenye mstari mmoja. Uzito ukae katikati ya mguu kuelekea kisigino. Macho yatazame mita kumi au kumi na tano mbele, si kwenye vidole.

Kukaa hivyo kunauma. Msichana mmoja wa Kaptembwo, aliyenijia akiwa mkimbiaji mzuri wa mita 800, alikuwa na moyo wa kwenda siku nzima lakini mapaja yalimkataa baada ya mzunguko mmoja. Kila alipochoka aliinuka, na kila alipoinuka alipunguza mwendo, akadhani hana nguvu. Sikumwongezea mwendo. Nilimtuma akae. Anaegemea ukuta bila kiti, mapaja sawa na sakafu, anahesabu hadi arobaini, anapumzika, anarudia. Baadaye aliacha ukuta, akawa anakaa vilevile katikati ya chumba huku anahamisha uzito wote kutoka mguu huu hadi ule, kichwa kisipande wala kushuka. Mama yake alikuwa akimwekea fimbo ya ufagio juu ya kichwa, mlalo, kati ya mlango na kabati, na kichwa kikiigusa anaanza upya. Siku aliporudi kwenye magurudumu, mizunguko yake ya mwisho ilikuwa na muda sawa na ya kwanza. Imo kwenye daftari lake.

Msukumo nao una siri yake. Mkimbiaji husukuma nyuma. Mwanaskeiti husukuma pembeni. Ukisukuma nyuma kwa vidole, gurudumu la mbele linakwangua lami na nguvu inapotea hapo. Sukuma ubavuni, magurudumu yote yakiwa chini, kisigino kikiwa cha mwisho akilini mwako kuondoka, mpaka mguu unyooke wote. Kisha mguu unarudi kwa kuzunguka nyuma yako, goti likiongoza, unakuja kukaa chini ya mwili, karibu kabisa na mguu wa pili. Unapoukanyaga, ukanyage kwa ukingo wa nje kidogo, uteleze juu yake, ndipo uanze kuuegemeza ndani. Wanaoanza huweka mguu mbali, tayari umelala ndani, na kwa hiyo msukumo wao ni mfupi, nusu hatua. Jiulize kila hatua: nimeteleza, au nimetembea?

Mikono ni rahisi. Kwa mbio fupi ipeperushe yote miwili, kwa ndefu laza mmoja au yote mgongoni upumzike.

Jifunze pia kusimama kabla ya kujifunza kwenda kasi. Kwa kuwa skeiti za mbio hazina breki, buruta mguu wa nyuma ukiwa umekingama nyuma ya ule wa mbele, uzito ukiwa mbele, magurudumu ya nyuma yakisugua lami. Na kuanguka: shuka chini kwanza, uelekee pembeni kwa paja na nyonga, usinyooshe mikono kuikinga ardhi. Kidonda cha lami kioshe kwa maji mengi na sabuni siku hiyohiyo, changarawe itoke yote, hata mtoto akilia.

Kona

Mbio za uwanjani huzunguka kushoto. Mguu wa kulia unapita juu ya wa kushoto, hilo kila mtu analiona. Wasiloliona ni kwamba mguu wa kushoto haupiti tu chini, unasukuma, kwa ukingo wa nje, kuelekea kulia nyuma ya ule wa kulia, mpaka unyooke. Kona ndipo mbio zinaposhindwa, kwa sababu wengi wana msukumo mmoja na nusu badala ya miwili.

Njia yangu ni mpira wa ndani wa tairi la gari. Ukate uwe mkanda mrefu, mwanafunzi auvae kiunoni, mimi nasimama upande wake wa kulia nikiushika. Yeye analalia ndani, kushoto, nami namzuia, ili mwili wake wote uwe umeinama kushoto kuanzia kifundo hadi kichwa bila kuvunjika kiunoni. Anapiga hatua za kona akiwa amevaa raba za kawaida, polepole, huku nami natembea naye. Mkanda unamfundisha kuamini mwinamo kabla hajaupata kwa kasi. Shika vizuri, maana ukiuachia ataanguka kweli.

Siku zisizo na viatu

Huwezi kuwa kwenye lami kila siku, na si lazima. Mwombe seremala ubao wa melamini wenye urefu wa mita mbili hivi, akupigilie kipande cha mbao kila mwisho. Vaa soksi nzito juu ya raba, paka ubao nta kidogo, na usukume kutoka mwisho mmoja hadi mwingine ukiwa kwenye mkao. Dakika mbili za kwanza utaelewa ninachosema kuhusu mapaja. Ubao huu ndio unaotumiwa pia na wanaskeiti wa barafu wakati wa kiangazi chao.

Baiskeli ni rafiki mkubwa wa mchezo huu. Njia ya kupanda kuelekea Menengai inatosha kujenga pumzi, na kushuka kunahitaji breki nzuri kuliko ujasiri. Kuruka kwa mguu mmoja pembeni, ngazi, squati za mguu mmoja, vyote vizuri. Siku mbili au tatu za magurudumu kwa wiki, mbili za nchi kavu, moja ya baiskeli, moja ya kupumzika kabisa: kwa kijana wa sekondari hiyo ni kazi ya kutosha. Chakula sina cha ajabu cha kusema. Githeri, ndengu, mayai, omena, ugali, na maji kabla hujasikia kiu.

Mashindano na daftari

Kwenye magurudumu kuna mbio za mita 100 barabarani, mbio za 200 dhidi ya saa, 500, 1,000, halafu zile ndefu za pointi na za mchujo, na marathon. Katika mchujo, anayepita mstari mwisho kwenye mizunguko iliyotajwa hutolewa, mpaka wabaki wachache wa kumalizia. Katika pointi, wanaotangulia kwenye mizunguko fulani hukusanya alama. Katika zote mbili, kushinda au kushindwa kunategemea kujua mahali pa kukaa ndani ya kundi. Aliye nyuma ya mwenzake kwa karibu hutumia nguvu kidogo sana kuliko anayekata hewa. Fundisha vijana wako kuteleza wakiwa wamekaribiana, mkono mmoja ukigusa mgongo wa aliye mbele, kabla hawajakutana na kundi la wageni.

Mbio za magurudumu hazimo kwenye Olimpiki za kiangazi za wakubwa. Zilikuwemo kwenye Olimpiki za Vijana za Buenos Aires 2018, zimo kwenye World Games, mashindano ya dunia ya michezo isiyo ya Olimpiki, na mashindano ya dunia ya skeiti yako chini ya World Skate, shirikisho la kimataifa la mchezo huu. Kwa hiyo kijana ana njia mbili: kubaki kwenye magurudumu mpaka ngazi ya dunia, au kuyatumia kama daraja la kwenda barafuni. Njia zote mbili zinapitia klabu iliyosajiliwa na shirikisho la taifa, kwa sababu mtu hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya dunia. Jiunge mapema, lipia uanachama wako, na uende Nairobi kwenye mashindano hata kama unajua utakuwa wa mwisho. Utarudi na muda ulioshuhudiwa na waamuzi.

Kwenye daftari andika tarehe, mahali, umbali, muda, upepo, magurudumu uliyotumia, na jina la aliyeshika saa. Saa ya mkono peke yake haitoshi kwa mbio fupi. Weka simu kwenye kitu kisichotikisika, sawa na mstari wa mwisho, irekodi picha 60 kwa sekunde. Ukiisogeza picha moja moja utaona gurudumu likivuka, na kosa lako halitazidi sehemu mbili au tatu za mia ya sekunde. Hifadhi video hizo.

Mahali andika kwa sababu hewa si moja. Nakuru tuko karibu mita 1,850 juu ya bahari, Kisumu kama mita 1,130. Hewa nyepesi haimzuii mtu sana, kwa hiyo mita 500 hapa zinaweza kuwa za kasi kuliko kule kandokando ya ziwa, ingawa mbio ndefu hapa zitakukaba pumzi. Ndiyo sababu moja rekodi nyingi za barafu zimewekwa Salt Lake City, Marekani, mita 1,425 hivi juu ya bahari, na Calgary, Kanada. Kocha wa ng'ambo akiona umeandika hilo atajua anazungumza na mtu anayeuelewa mchezo.

Barafu

Uwanja wa mbio ndefu za barafu una mita 400 na njia mbili. Wawili huanza pamoja dhidi ya saa na hubadilishana njia kila mzunguko. Wakikutana kwenye kubadilishana, anayetoka njia ya ndani ndiye mwenye jukumu la kutomgonga mwenzake. Mbio fupi zile za msukumano, zenye mzunguko wa mita 111.12, ni mchezo mwingine kabisa, ingawa ndugu.

Wembe, chuma cha chini ya kiatu cha barafu, una unene wa karibu milimita moja na urefu wa kama sentimita 40. Kwenye mbio ndefu kiatu chenyewe kina bawaba mbele: kisigino kinaachana na wembe, na wembe unabaki kwenye barafu mpaka mguu unyooke. Waholanzi ndio walioufanya uenee katikati ya miaka ya 1990, na kufikia Olimpiki za Nagano 1998 asiyekuwa nao aliachwa. Mtu wa magurudumu akifika barafuni hukuta mkao uleule, kona zilezile, mapaja yaleyale. Anachopaswa kubadili ni subira. Kwenye lami tunaharakisha hatua, na wengine husukuma mara mbili kwa mguu mmoja, ndani kisha nje. Barafu inataka hatua chache, ndefu, zilizotulia, na uwe na uhakika wa ukingo, maana wembe haukusamehi kama gurudumu.

Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari Nairobi ndio uliowafungulia Wakenya wengi mlango, hasa wa magongo ya barafu. Ni mdogo, haukupi mita 400, lakini unakupa kuuzoea wembe. Piga simu kwanza uhakikishe uko wazi. Mbio zenyewe utazikuta Salt Lake City, Calgary, Heerenveen ya Uholanzi, Inzell ya Ujerumani. Huko ndiko daftari na video zako zitakapokutangulia, na kila barua yako ya kuomba nafasi ianze na muda wako, kisha jina lako.

Na usiseme haijawahi kutokea. Philip Boit, mkimbiaji kutoka upande wetu huu wa Bonde la Ufa, alikwenda kujifunza theluji Finland na mwaka 1998 akashiriki mbio za kuteleza kwa ski za Nagano, Mkenya wa kwanza kwenye Olimpiki za majira ya baridi. Alimaliza wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamngoja mstarini amkumbatie. Boit akarudi tena 2002 na 2006. Hata yeye hakungoja theluji ianguke Eldoret.

Pesa, shule na makaratasi

Baba wa kijana mmoja aliniuliza, mikono mfukoni, akitazama mtoto akizunguka: "Mwalimu, huyu atakula skeiti?" Nilimjibu, "Mzee wangu, kwa miaka ya kwanza atakula kwako." Ni kweli, na mzazi ana haki ya kuambiwa mapema. Zawadi ziko ngazi za juu, na nyingi ni ndogo. Wanaoishi kwa mchezo huu duniani wanategemea wadhamini, posho za mashirikisho, ajira serikalini au jeshini katika nchi zao, na masomo. Erin Jackson ana shahada ya sayansi na uhandisi wa nyenzo kutoka Chuo Kikuu cha Florida. Kwangu anayeshuka darasani anapunguziwa mazoezi, na wanajua sitanii.

Kuna kazi nyingine ndani ya mchezo ambazo watu hawazioni: kufundisha watoto mwisho wa wiki, kutengeneza skeiti, uamuzi, kupima muda. Vijana wangu wawili wanalipia nauli za mashindano kwa kusafisha beringi za wenzao. Ukimwendea mdhamini wa hapa mjini, usipeleke maneno matupu. Peleka ukurasa mmoja: picha, muda wako bora, mashindano mawili yajayo, gharama ya nauli, malazi na ada, na mahali jina lake litakapoonekana kwenye nguo. Duka la vifaa vya ujenzi au kampuni ya mabasi inaelewa ukurasa huo haraka kuliko hotuba.

Halafu pasipoti. Omba sasa kupitia eCitizen, kabla hujaitwa popote. Alama za vidole utatolewa Nakuru, Kisumu au Eldoret bila kwenda Nairobi, na aliye chini ya miaka 18 anahitaji idhini na vitambulisho vya wazazi. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na lile utakalojiandikisha nalo klabuni, maana mwaliko wa mashindano na ombi la viza vinasomwa pamoja. Kama halifanani, anza na cheti Jumatatu hii, daftari lako la muda likiendelea kujaa.